Ncha za Bluu

Mchoraji na wifi yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na kwa bahati mbaya ya kila mtu walikaa nyumba moja na kufanya kazi taasisi moja ya mimea. Wifi, dada wa mume, ndiye aliyeingia msituni kukusanya mimea. Mchoraji ndiye aliyeichora. Yule akirudi na matope hadi magotini, alimwona huyu ni mtu wa kukaa kivulini na kuchezea rangi. Huyu naye alimwona yule ni mchukuzi mwenye digrii. Wakisalimiana asubuhi, walisalimiana kwa ajili ya majirani.

Sasa taasisi ilikuwa inatoa kitabu cha okidi za mwitu, na mhariri alikuwa amemwahidi mchoraji jalada. Miaka yote alikuwa amechora majani na mbegu kutoka kwenye mimea iliyokaushwa, ile inayogeuka yote rangi ya chai, na picha zake zilikaa kurasa za nyuma ambazo hakuna anayefika. Jalada lilikuwa jambo jingine kabisa. Mtu angepita dukani, akasimama, akatazama. Alilitaka kuliko alivyowahi kukiri mbele ya mumewe.

Okidi ikikauka hupoteza rangi, kwa hiyo ilibidi achore ua bichi. Wifi akauleta mmea kwenye ndoo, akautua dirishani sebuleni, akajipukuta mikono na kwenda zake. Maua yalikuwa yamepangana kwenye shina refu, meupe pe. Yakipindia dirishani na kumpa kisogo, mchoraji aliyashika petali kwa ncha za vidole, taratibu, akayageuza yamtazame.

Baada ya siku chache maua ya chini yakawa na ncha za bluu, bluu iliyokolea karibu ya weusi. Yale ya juu, yaliyofunguka karibuni, yalibaki meupe. Mchoraji akaelewa, au alidhani ameelewa: ua hili huzaliwa jeupe, likipevuka ndipo linapata bluu yake. Alifurahi hadi akasahau kula. Alichanganya rangi, akatupa karatasi, akachanganya tena mpaka akaipata bluu ile ile. Kila asubuhi wifi alipita na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya kiti, akatazama, akanywa funda moja, akaondoka bila neno. Kwa mwanamke mwenye ulimi kama wake, ukimya ule ulipaswa kumshtua mtu.

Kwenye mkutano wa jalada walikuwa wanne: mhariri, mpiga chapa, mchoraji, na wifi. Ndoo yenye mmea iliwekwa juu ya meza. Mpiga chapa aliisifu picha, mhariri akaisifu zaidi.

"Picha nzuri," akasema wifi. "Ila ua hili halina bluu."

"Nimekaa nalo uso kwa uso, wifi. Wewe umeling'oa tu."

"Nimeyaona msitu mzima. Meupe."

"Basi ulipita mbio. Au kuna picha ya simu unataka iwekwe mahali pa yangu?"

"Sasa kwa kuwa umeuliza, ninayo." Akaitelezesha simu mezani.

Mchoraji damu ikamchemka. "Mmea umeuleta wenye ugonjwa makusudi. Roho mbaya hiyo, na kaka yako nitamwambia."

Mhariri akakohoa. Wifi aliinuka, akachagua ua la juu kabisa, jeupe kama sahani, akaliminya petali kwa kucha ya kidole gumba. Kucha ile ilikuwa imepasuka katikati tangu mkasi wa kukatia matawi ulipomponyoka, na haikuwahi kuunga. "Endeleeni na mambo ya karatasi," akasema, akaketi.

Wakaendelea, ingawa hakuna aliyesikiliza. Mpiga chapa alieleza unene wa karatasi huku jicho likiwa kwenye ndoo. Alipomaliza, pale palipominywa palikuwa pameshaanza kugeuka, na walipokuwa wanakunja makaratasi yao pakawa bluu. Bluu ile ile.

"Kumbe," akasema mhariri, kwa upole uliouma kuliko kelele. "Likiguswa linavilia."

Mchoraji akavitazama vidole vyake. Alikuwa amechora alama za mikono yake mwenyewe, kwa uangalifu wote, na kuziita maumbile. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mhariri akampa hadi Ijumaa alete picha sahihi, la sivyo jalada litachukua picha ya simu.

Jioni alimkuta wifi jikoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Asubuhi ya kwanza. Nilikuona unalishika."

"Ukanyamaza."

"Miaka yote hii, umewahi kuniuliza kitu, wifi? Hata kimoja?" Akakoroga chai yake. "Basi."

Mume akachungulia mlangoni. "Mnaongea nini?"

"Maua," wakajibu kwa pamoja, na maskini akaondoka amefurahi kwamba hatimaye wanaongea.

Mchoraji alianza upya. Safari hii hakuligusa ua hata kwa pumzi. Aliizunguka ndoo na kiti chake, akapiga magoti, akapanda stuli. Akayachora maua meupe ambayo hakuwa ameyagusa, moja baada ya jingine, na yale ya chini yenye alama za vidole vyake akayaacha nje ya picha. Alipofika lile la juu kabisa, lililominywa, mkono ukasita, kisha ukapata raha. Akalichora kama lilivyo. Akachora alama ya bluu iliyojikunja kama mwezi mchanga, na katikati yake mwanya mwembamba, pale kucha ilipopasuka.

Mhariri aliipokea kwa furaha. "Hii inafundisha," akasema. "Msomaji ataona rangi ya ua, na ataona likiminywa linakuwaje."

Maboksi ya vitabu yalipofunguliwa, wafanyakazi wote walikusanyika. Wifi alichukua nakala, akaisogeza karibu na macho. Akakitazama kidole gumba chake. Akalitazama jalada tena. Mtunza stoo, ambaye hana simile, alikuwa ameshaanza kucheka.

"Umenichora," akasema wifi.

"Nimechora ua, wifi. Nilichokiona ndicho nilichokichora."

Wifi akakificha kidole gumba ndani ya ngumi na kukiweka kitabu chini. Mchoraji akakiokota, akakifuta vumbi kwa kiganja. Alisikia furaha mbaya, tamu, na hakuionea aibu. Kucha ya wifi ilikuwa hapo mbele, itazamwe na kila apitaye dukani. Alama za vidole vyake mwenyewe hazikuonekana popote.