Sabuni ya Wageni

Dorcus, muosha mashine katika kiwanda kimoja cha chai karibu na Sotik, hakutulia tangu asubuhi. Wageni walikuwa njiani kuja kuona chujio jipya la Nelvine wa maabara, linalonasa kwenye maji ya kuoshea mashine ile rangi chungu ya chai inayonunuliwa na watengeneza dawa. Kwa kuona aibu, Dorcus alikuwa amesugua mashine kwa sabuni hadi zikang'aa, na sabuni huliharibu chujio kabisa.

Nelvine akashika koki ya kupeleka maji kwenye chujio.

"Ngoja!" Dorcus akapaza sauti. "Nimetia sabuni."

"Woi, mama! Sabuni ya nini?"

"Wageni wakute uchafu, si watasema hapa hakuna wanawake?"

Nelvine akacheka, akaondoa mkono kwenye koki. "Huo uchafu ndio wamefuata. Mwaga maji yote ya sabuni, halafu lete gunia la majani tuchafue mashine tena."