Kompyuta Iliyorudi Mwaka Themanini

Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya wageni wa ukaguzi kufika, kompyuta ya Umoja wa Faraja, shirika la kuhudumia yatima, ilikataa kuwaka. Petronila, karani wa ofisi hiyo pale Muleba, alibonyeza kitufe mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa nguvu, mara ya tatu amefumba macho. Kimya. Hata ile taa ndogo ya kijani ya pembeni haikuonekana.

Ilikuwa kompyuta ya kukunja, ya kubebeka kwapani. Ilipoletwa mwaka 1997, mratibu wao, Philbert Lwakatare, ambaye Wahaya wenzake walimwita Ta kwa heshima, alitangaza kwamba enzi ya madaftari imekwisha. Madaftari yote saba yenye majina ya yatima, yaliyoandikwa kwa mkono wa Petronila mwenyewe, yakaishia sokoni kufungia karanga. Sasa, miaka miwili baadaye, yatima mia tatu na kumi na wawili walikuwa ndani ya kisanduku kile cheusi, na kisanduku hakisemi.

"Umeifanya nini?" Ta Lwakatare aliuliza.

"Nimeiwasha, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya.

"Ndiyo hapo sasa. Umeiwasha vipi?"

Wakaazima pasi kwa jirani, wakaichomeka ukutani. Ikapata moto. Umeme basi ulikuwapo. Wakahamia soketi ya chumba cha pili, hakuna kitu. Wakaianika juani saa nzima, pengine imeingiwa na unyevu. Mwinjilisti Josia, mjumbe wa kamati, akaiwekea mkono na kuiombea, sala fupi tu, maana siku hiyo alikuwa na mazishi matatu.

Anatolia, mpishi, alisimama mlangoni amekunja mikono. "Mimi niliiona tangu Pasaka," alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa inazimika, inapata nafuu, inazimika tena."

Miaka ile Kagera, chochote kilichozimika na kupata nafuu na kuzimika tena kilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukutajwa.

"Wageni wakiwahi kufika," alisema Ta Lwakatare, "waambieni ina malaria." Wala hakuwa anatania. Ulimi wake ulikuwa umeshazoea.

Jumatano Petronila aliifunga kwenye kitenge, akaitia kikapuni, akapanda basi la kwanza kwenda Bukoba. Kule mtaani Kashai palikuwa na fundi redio aitwaye Buberwa, aliyejifunza kazi kwa kubeba redio ya jeshi hadi Uganda wakati wa vita vya Amini. Alirudi na ufundi, akaacha huko vidole viwili.

"Haya, Ma Petronila. Ilianza lini?"

"Jana asubuhi."

"Kabla ya hapo ilikuwaje? Ilikuwa inapata joto?"

"Joto sana. Jioni hasa."

"Ilianguka?"

"Hapana."

Petronila alijishangaa jinsi majibu yalivyokuwa yakitoka yenyewe. Maswali yale yale aliwahi kuyajibu mwaka 1988, kwenye benchi la hospitali, mumewe Magesa ameegemea bega lake. Tofauti ilikuwa kwamba Buberwa alimtazama usoni alipouliza.

Fundi alipima waya wa umeme kwa kipimo chake: mzima. Akaigeuza kompyuta kifudifudi, akachomoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia huku akihesabu hadi thelathini, kwa Kihaya. Kisha akaunganisha waya peke yake, bila betri, akabonyeza tena. Taa ya kijani ikawaka. Feni ikavuma.

"Waitu!" Petronila alishika mdomo.

"Betri ndiyo imekufa, ikawa inaizuia na mashine isipumue. Itumie na waya tu. Lakini kuna betri nyingine ndogo huko ndani, ya saa. Nayo imekwisha, na hapa Bukoba huipati. Kila ukichomoa mashine kwenye umeme itasahau tarehe. Angalia."

Kwenye kioo paliandikwa: tarehe mosi Januari, 1980.

"Mwaka themanini," alisema Buberwa. Akacheka kidogo, halafu akaacha. Petronila naye alikitazama kioo. Januari ile Magesa alikuwa amerudi kutoka vitani mzima, wala hajakohoa. Kila mtu alikuwa akisema mabaya yamekwisha.

"Andika tarehe ya leo kila unapoiwasha," fundi alisema. "Usisahau."

Petronila hakusahau. Alimweleza Ta Lwakatare jioni ile, akamweleza tena Alhamisi asubuhi. Lakini mgeni mkubwa, Bi Klaudia, mkaguzi kutoka makao makuu Dar es Salaam, alipoketi ukumbini, Ta Lwakatare aliichukua mashine mwenyewe, akaichomeka mwenyewe, na swali la tarehe lilipotokea akabonyeza kuendelea, kama mtu anayefukuza nzi.

Orodha ikafunguka, umri wa kila mtoto ukiwa umekokotolewa na mashine yenyewe kwa tarehe iliyokuwa nayo. Bi Klaudia akavaa miwani.

"Kokuhirwa, wa Bumbire," alisoma. "Wazazi wote wamefariki. Umri, miaka... toa tisa?"

Akateremsha kidole hadi mstari wa pili.

"Kemilembe. Wazazi wote wamefariki. Toa kumi na moja. Bwana Lwakatare, hawa watoto hawajazaliwa."

"Ndiyo, Bi Mkaguzi," alisema Ta Lwakatare, jasho likimtoka. "Hayo ni... makadirio. Tunapanga mapema."

Bi Klaudia akaandika jambo kwenye karatasi yake.

Petronila alisimama. Alipita mbele ya wageni bila kuomba ruhusa, akainama juu ya mashine, akatafuta mahali pa tarehe. Vidole vyake vilikaa juu ya vitufe bila kubonyeza, mwaka themanini ukiwa bado kiooni. Kisha akaandika: 17 Juni 1999.

Kufumba na kufumbua, watoto mia tatu na kumi na wawili wakazaliwa, na wote wakafiwa.

"Hiyo ndiyo hali ilivyo sasa," alisema, akarudi kukaa.

Alidhani Ta Lwakatare atafukuzwa, au yeye. Miezi minne baadaye ilikuja barua kutoka makao makuu. Ilisifu ofisi ya Muleba kwa kuwa ya kwanza nchini kupanga huduma za yatima kabla hawajazaliwa, na ilimwalika mratibu aende Arusha kuwafundisha wenzake mfumo wake wa makadirio.

Ta Lwakatare aliisoma barua mara mbili, akanunua suti. Kabla ya safari alipita kwa Petronila.

"Hivi, Ma Petronila, ile tarehe huwa inarudishwaje nyuma?"

Petronila alimwonyesha. Mratibu alipoondoka, Petronila aliweka tarehe sawa akaendelea na kazi. Wiki ile kulikuwa na majina manne mapya, mawili ya nyumba moja.