Chungwa Shavuni

Mimi natengeneza meno ya bandia. Nakaa chumba cha nyuma na plasta yangu, nta yangu na vumbi langu, na daktari wa meno ambaye kila mara anachungulia mlangoni kuuliza kama nimemaliza, utadhani meno huota kwa kuulizwa. Sura za watu nazisahau, majina ndiyo kabisa. Lakini mdomo nikishautengenezea sanamu ya plasta hautoki kichwani. Anayenisalimia sokoni namjua akicheka.

Kwa hiyo nilipobandua sanamu ya meno ya binti wa marehemu dada yangu, niliigeuza mara mbili kwenye mwanga. Ulikuwa mdomo wa dada.

Sisemi walifanana, mama na mwana kufanana si ajabu. Nasema magego ya kushoto yalikuwa yamebonyea katikati kama vijiko, na meno ya mbele ya upande huohuo yamelika hadi kuwa membamba. Kulia, salama. Ndivyo alivyokuwa dada mwishoni, amelalia ubavu wa kushoto, hakuna kinachokaa tumboni ila machungwa, kipande shavuni kutwa nzima. Msichana huyu hata mafua humpitia mbali.

"Akinywa maji baridi analia," baba yake aliniambia alipomleta. "Na pipi hali, soda hanywi. Ni matunda tu! Si ndiyo afya hiyo?"

"Tumbo linashukuru, shemeji. Meno hayajaulizwa."

Mchana huo nikaenda kwao. Nilimkuta chumbani, kwenye kitanda alichofia mama yake, machungwa yamemenywa kwenye sahani na mswaki pembeni.

"Mwanangu, matunda si adui," nilimwambia. "Kula pamoja na chakula, sukutua kwa maji, basi. Lakini ukishinda nayo shavuni, halafu ukimbilie mswaki wakati jino bado limelainishwa na ule ukali wa chungwa, unalisugua mpaka liishe. Unataka nikutengenezee bandia hata shule hujamaliza?"

"Najua, mama mdogo. Daktari ameniambia yote."

"Sasa?"

"Nikiacha, mama hatakuja."

Nilifungua mdomo nimgombeze, maana kugombeza ndiyo fani yangu ya pili. Akaniwekea kidole midomoni. Akatia kipande kwenye shavu la kushoto, akafyonza, akatega sikio.

Ndipo nikasikia. Sakafuni, ubavuni mwa kitanda, mbegu ilidondoka kwenye bakuli la bati. Ikafuata nyingine. Bakuli lile dada alilokuwa akitemea mbegu nililitoa mwenyewe baada ya mazishi, na pale chini hapakuwa na kitu. Kisha mtu akashusha pumzi kwenye mto, ile pumzi fupi ya dada akipata nafuu kidogo. Nilitaka kutimua mbio. Nilitaka pia kupanda kitandani nimkumbatie.

Msichana alitabasamu, akaongeza kipande. Ukali ulipogonga jino lililo wazi, uso ulimkunjamana na chozi likamtoka. Hakukitema. Alifyonza huku analia.

"Dada," niliuambia mto, "hamu yangu kwako haina mfano. Lakini mtoto anaumia. Usije tena."

Chumba kikatulia. Msichana akafyonza, akasubiri. Akabadili kipande, akasubiri tena. Hakuna mbegu iliyodondoka, hakuna aliyepumua ila sisi. Akakitema kiganjani.

"Umemfukuza."

"Ndiyo."

"Nani kakutuma? Ni mama yangu!"

"Alikuwa dada yangu kabla wewe hujazaliwa," nilisema.

Nikamletea maji. Alinigeuzia mgongo muda mrefu, kisha akapokea glasi bila kunitazama, akasukutua, akaenda kutema nje. Nikabaki peke yangu. Niliinama, nikalaza sikio juu ya mto, nikaomba kwa moyo wote dada awe hajanisikia.