Majembe Nyuma ya Mimbari

Victorine alikuwa amelazwa chini, juu ya kipoyi cha mianzi alichobebewa na majirani, karibu kabisa na gurudumu la nyuma la lori la kanisa, na vijana wa kwaya walikuwa wakimruka na magunia ya maharage mabegani. Hakuna aliyemkanyaga. Walikuja, wakainua mguu, wakapita, wakatupa gunia juu, wakarudi kuchukua lingine.

Mama yake, Adelaïde, alichuchumaa upande wa kichwa, akimpangusa jasho kwa ncha ya kitenge. Uchungu ulianza jana, saa za kutoka shamba. Asubuhi hii Emérita, mkunga wa kilima, alinawa mikono hadi viwikoni, akasema maneno ambayo Adelaïde hakuyataka.

"Mutoto amelala mukingamo. Miye sina tena kitu ya kufanya. Kirotshe njo kuko muganga wa kupasua. Mumukimbize, Mama, musingoje jua ipande."

Amkimbize na nini? Kirotshe iko kule ziwani, chini, baada ya Masisi, baada ya Sake, na kwa mabega ya watu mgonjwa wa namna hii hafiki. Kutoka Kashebere kupanda hadi juu hapa kulikuwa na gari moja tu. Lilinunuliwa kwa maharage ya kilima kizima, na leo, shukrani kwa Mungu, lilikuwa linashuka kwenda kuuza maharage ya kilima kizima. Adelaïde alijiambia hivyo, shukrani kwa Mungu, lakini hakuthubutu kuinua macho kuelekea kanisani, maana kulikuwa na jambo analolijua yeye peke yake.

Watu waliporudi kutoka porini, mwaka wa sitini na tano, vita vilikuwa vimechoma nyumba, na panya walikuwa wamemaliza kilichobaki. Hawakuwa na hata mbegu. Pasta Athanase akaleta mbegu. Hilo hakuna wa kumnyima. Alimgawia kila mwenye nyumba kikapu cha maharage, akasema katika kila shamba mstari mmoja uwe wa Bwana, fungu lake la kumi. Nani angekataa? Wanawake walipiga vigelegele, na Adelaïde alipiga kuliko wote. Mavuno ya kwanza mstari wa Bwana ukapandisha mabati juu ya kanisa. Yaliyofuata yakaleta lori. Na aliyeshindwa kuujaza mstari huo, kwa homa au kwa mvua ya mawe, aliambiwa alete jembe lake kanisani, mbele ya watu wote, na kuleta jembe maana yake ni kuleta shamba. Majembe yakaegemezwa ukutani nyuma ya mimbari, mipini juu. Yakaongezeka. Mashamba ya wenye majembe hayo yakaunganishwa, yakageuka malisho, na ng'ombe wa kanisa wakanenepa palepale watu walipokuwa wakipalilia. Siku za kazi wenye majembe walikwenda kuyaazima, wakalima shamba la pasta, na jioni waliyarudisha yakiwa yameoshwa.

Adelaïde alikuwa bado na jembe lake. Shamba lake lilikuwa kando ya kijito, udongo mweusi, alioachiwa na marehemu mume wake. Sasa sikia alichofanya. Katika majuma ya njaa, kabla maharage hayajakomaa, Victorine alikuwa na mimba kubwa na hana nguvu hata ya kuinua ndoo. Mume wake, Benoît, alikuwa ameshuka msituni Walikale kutafuta chochote, asirudi. Adelaïde akaingia katika mstari wa Bwana alfajiri, akachuma majani na maharage mabichi, akampikia mtoto wake. Si mara moja. Victorine alikula bila kuuliza, akalamba sufuria, akacheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Tumbo hili lililokuwa hapa chini, karibu na gurudumu, lilijengwa kwa maharage ya Mungu. Njo maana mtoto amekataa kutoka, aliwaza Adelaïde.

Pasta Athanase alitoka katika nyumba yake ya matofali akiwa na koti la mvua, ingawa hapakuwa na wingu. Nyuma yake alikuja Shemasi Damascène, mwenye kazi ya kupita mashambani kukagua mistari. Pasta hakuwa mtu wa kufoka. Sauti yake ilikuwa laini, na ulilazimika kuinama ili uisikie.

"Pole, Mama Adelaïde."

"Aksanti, Papa Pasta. Mutusaidie. Emérita amesema Kirotshe, sasa hivi."

"Kamio ni ya nani, Mama?" Alielekeza kidevu kwenye lori.

"Ni ya Bwana, Papa Pasta."

"Njo vile. Sasa mimi siwezi kupandisha ndani ya kamio ya Bwana kitu yenye sijui." Akachuchumaa, akakunja koti vizuri lisiguse vumbi. "Mimba yenye kukataa kutoka, hata wazee wetu walijua, iko imefungwa na neno. Tufungue neno kwanza. Binti yangu Victorine, Benoît iko Walikale tangu siku gani?"

"Tangu... tangu kiangazi, Papa Pasta. Mama, yoo, mugongo!"

"Na hii mimba ni yake?"

Vijana wa kwaya wakasimama na magunia mabegani. Si kwa haya. Walitaka kusikia vizuri.

"Ni yake."

"Hakuna muntu mwingine?"

"Hakuna, Papa Pasta."

"Fikiri vizuri, binti yangu. Bwana hana haraka."

Victorine aliuma kitenge cha mama yake, akanguruma ndani ya kitambaa. Adelaïde aliutazama ule uso mdogo uliogeuka rangi ya majivu. Alimtazama Hubert, shofere, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya kabini akilitazama jua na kukwepa kuwatazama wao. Akisema, shamba limekwenda, na huyo mtoto atakula nini? Asiposema, hakutakuwa na mtoto wa kula. Na Mungu je, atamfanya nini mwizi aliyenyamaza? Aliogopa watu, akaogopa mbingu, akaogopa zaidi ile harufu ya damu iliyoanza kupanda kutoka kwenye kipoyi.

"Ni miye," akasema. "Musimuulize tena. Ni miye nilivuna mustari ya Bwana, nikamulisha. Yeye hakujua."

Emérita akajishika mdomo. Watu wakaguna. Pasta peke yake hakushtuka. Alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma.

"Basi Bwana iko anadai yake, Mama."

"Nitalipa! Nitalipa mistari miwili, mitatu, muchukue mavuno yote..."

"Bwana hapatani bei, hapa si soko. Jembe yako iko wapi?"

Adelaïde alitazama chini. "Nyumbani."

"Damascène atakusindikiza."

Alikimbia. Mwanamke wa umri wake, mwenye wajukuu wawili makaburini, alishuka kilima akikimbia na kitenge kikimfunguka, na nyuma yake Damascène akitembea mwendo wa kwenda ibadani.

"Fanya haraka, Papa Damascène, mutoto anakufa!"

"Niko nakuja, Mama. Njia iko na utelezi."

Jembe lilikuwa mlangoni, lina udongo wa jana. Hakuliosha. Alipanda nalo, kifua kikimwaka, akaingia kanisani palipokuwa na giza na baridi chini ya mabati mapya. Nyuma ya mimbari aliyaona yale mengine. Alilijua la Jeannette kwa mpini wake uliofungwa waya, akalijua la shemeji yake. Akaliegemeza la kwake mwishoni mwa safu, lakini vidole vikagoma kufunguka.

"Uliachilie, Mama," alisema Damascène. "Sema amina."

"Amina."

"Kwa nguvu."

"Amina!"

Wakampandisha Victorine juu ya magunia, wakamfunika blanketi. Emérita alitaka kupanda naye. Damascène akasema hakuna nafasi, kuna mifuko ya kuchukua njiani. Adelaïde akaketi kichwani pa mtoto wake, akaupakata mkono wake. Victorine aliubana kwa nguvu hadi kucha zikaingia, na mama akafurahi kuumia.

Lori halijafika hata chini ya kilima, likasimama. Adelaïde aliinua kichwa. Kijito. Shamba lake. Damascène alishuka kabini, akaja nyuma, akavuta kutoka chini kabisa ya magunia mafurushi ya vigingi, akavitupa kando ya maharage yake. Vigingi vya ua wa ng'ombe, vimechongwa ncha tayari, vimekaushwa na moshi. Vilikuwa chini ya magunia. Vilipakiwa kabla ya gunia la kwanza, kabla hajafungua mdomo, labda kabla uchungu haujaanza. Walikuwa wanajua. Alitaka kupiga kelele, akaogopa watamteremsha mtoto wake.

"Tuende, Papa Damascène," alisema. "Naomba tuende."

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila shimo lilimpandisha Victorine na kumtupa, na kila mara alilia, na kilio hicho Adelaïde alikishika, maana mtu anayelia yuko hai. Kabla ya Masisi walisimama kwenye kanisa dogo la tawi, mahali tambarare. Waumini walikuwa wamejipanga na magunia. Hubert hakuzima injini. Starta ilikuwa imekufa zamani, na kwenye tambarare lori likizimwa linasukumwa na watu.

"Papa Hubert!" Adelaïde alipiga paa la kabini kwa kiganja. "Mutoto anaisha! Hatuwezi kupita haya matawi mengine?"

Hubert alitoa kichwa dirishani. Alikuwa kijana bado, macho mekundu. "Mama, mimi njo naendesha tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nikipita tawi moja, kesho jembe ya mama yangu pia iko mule ndani."

Wakapakia. Victorine akasukumwa kidogo pembeni.

Baada ya Masisi kulikuwa na kizuizi cha wasoda, askari wa jeshi: mti umelazwa njiani, na watu waliokuwa na kuku wamekaa chini bila kuku. Damascène akageuka kwa haraka na kunong'ona kupitia dirisha la nyuma. "Imba, Mama. Wimbo ya sadaka. Wakijua ni kanisa hawafungui mifuko."

"Siwezi, Papa."

"Wakifungua mifuko tutalala hapa. Imba."

Adelaïde akaimba. Sauti ilitoka nyembamba, imepasuka: *Tunaleta, Bwana, tunaleta.* Soda mmoja alipanda kwenye gurudumu, akachungulia, akaligusa blanketi kwa mdomo wa bunduki.

"Hii ni nini?"

"Mali ya Bwana," alisema Damascène.

Soda akavua kofia. Mti ukainuliwa.

Ilikuwa hapo, mti ukiinuliwa, Adelaïde alipoona kucha hazimuumi tena. Mkono wa Victorine ulikuwa bado ndani ya mkono wake, lakini ulikuwa umelala tu. Ameshikwa na usingizi, alijiambia. Amechoka, masikini, uchungu umempa nafasi. Akainama amsikilize pumzi, lakini injini ilinguruma na upepo ukavuma. Kifua chini ya blanketi kilitikisika. Lori nalo lilitikisika, magunia yalitikisika, hata mikono yake mwenyewe. Katika kutikisika huko kote hakuweza kujua lipi ni la lori na lipi ni la mtoto wake, na hakutaka kujua. Ilimradi gari linakwenda, Victorine alikuwa anacheza kichwa, anapanda na kushuka, yuko.

"Karibu tufike," alimwambia. "Usiongee. Karibu."

Kisha ziwa likaonekana, chini kule, upana wa fedha, na upande wake wa kuume, mbali, ndiko Kirotshe. Barabara ilianza kuteremka kwenda Sake. Adelaïde aliujua mteremko huu. Aliliona kanisa la tawi la mwisho kando ya barabara, bati lake likimeremeta, na watu wamesimama na magunia. Hapa Hubert huzima. Kwenye mteremko lori halihitaji starta. Huachiwa breki na kuwaka lenyewe, na mazuti ya Bwana, mafuta ya lori, hayapotei bure.

Alipiga kabini kwa ngumi zote mbili. "Usizime! Papa Hubert, usizime!"

Lori likasimama. Hubert akatoa kichwa. "Juu ya nini, Mama?"

Mdomo ulifunguka, neno likakataa kutoka. Angesema nini? Kwamba anaogopa kimya?

"Mazuti iko ya Bwana," alisema Damascène, akifungua mlango ateremke. "Zima."

Injini ikakohoa mara mbili, ikafa. Na kabla kimya hakijamfikia, kabla hakijapanda juu ya magunia na kumwambia, Adelaïde akafumba macho, akaimba. Hakuna aliyemwamuru. Aliimba kwa mapafu yote, *tunaleta, Bwana, tunaleta*, na waumini wa pale chini, waliposikia, walifurahi kuona lori limekuja na mama mwenye roho ya namna hiyo. Wakampokea kwa sauti za juu na za chini, wakapiga makofi, wakaanza kupanda na magunia vichwani.

Damascène alisimama kwenye gurudumu, gunia la kwanza mikononi, akitafuta mahali pa kuliweka.

"Mama," alisema, "musogeze miguu yake kidogo."

Adelaïde akaongeza sauti.