Miwani Shingoni

Miwani ile ilikuwa na aibu moja tu, na wavunaji wote ishirini na wawili waliijua. Asiyeijua ni yule aliyeileta.

Walimwita Binti wa Miwani. Alitoka kwenye taasisi ya utafiti iliyopakana na shamba, msichana mwembamba, mpole kiasi kwamba akimfukuza nzi humwomba radhi. Huko maabara alikuwa amepika utando wa kupaka kwenye plastiki ya miwani ili jasho na pumzi visiitie mvuke. Mahindi yakikauka, majani yake hukata kama wembe, na kila msimu hapakosi mvunaji wa kuchomwa jicho. Binti alitaka jambo hilo likome. Asubuhi aligawa miwani, jioni aligawa fomu na kalamu. Maswali mawili tu: umevaa miwani kutwa? Imeshika mvuke?

Ukweli ni kwamba jua likishapanda, miwani ile iligeuka kifuniko cha sufuria inayochemka. Huoni bua, huoni kikapu, huoni hata wifi yako anayekusengenya mstari wa pili. Basi wote waliishusha shingoni wakavuna kwa raha zao, na jioni wakaipandisha usoni dakika tano kabla Binti hajafika. Nimevaa, ndiyo. Mvuke, hapana. Tiki, tiki.

Uongo, ndiyo, lakini wa huruma. Siku ya kwanza Binti alipozisoma fomu alizikumbatia kama mtu aliyekabidhiwa kichanga, akasema, "Mama zangu, hamjui mmenifanyia nini!" Sasa nani angekuwa na roho ya kumwambia?

Aliyeongoza kutia tiki ni Chiriku. Jina hilo alilipata kwa ajili ya mdomo wake, ambao haukuwahi kwenda likizo. Umri ulikuwa umeshampita hamsini, watoto walikuwa wameshahama, na nyumbani alibaki na mumewe, mtunza farasi kwenye zizi la farasi wa mashindano ng'ambo ya barabara. Mstari wa jirani yake alivuna wifi yake, dada wa mume, na hao wawili walitaniana kutwa mpaka msimamizi akachoka kuwakemea.

"Kaka yako jana kanipigia mluzi jikoni," Chiriku alimwambia asubuhi ile ya Jumanne.

"Ee! Angalia usije ukalowa!"

Wakacheka hadi wakashika viuno. Maana farasi wa mashindano hufundishwa hivyo: mtunzaji akipiga mluzi, farasi hukojoa, ili wapimaji wapate mkojo wao wa kukagua dawa. Mume wa Chiriku ndiye aliyekuwa bingwa wa mluzi huo zizini. Farasi wake, mweusi, mrefu, jina lake Bwana Harusi, alikuwa akimsikia tu, kazi imekwisha.

Kicheko kilikuwa hakijaisha Chiriku alipovuta bua, bua likagoma, akalivuta kwa hasira. Jani likaruka likamkata jicho la kushoto.

Hakupiga kelele. Kwa Chiriku, hilo peke yake lilimtisha wifi.

"Toa mkono nione. Toa, wewe!" Wifi alimpulizia, akampangusa kwa pindo la nguo lenye vumbi la shamba zima. "Limekuwa jekundu. Jioni mwambie Binti, wana gari, wakupeleke kwa daktari."

"Nimwambie nini? Kwamba miwani yake ilikuwa kifuani inanyonya?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Mwambie wewe, mwenye ulimi wa bure."

Jioni Binti alipofika, Chiriku alikuwa amevaa miwani yake, kanyooka kama mwanafunzi. Binti aliinama akamtazama. "Mama, jicho lina nini?"

"Vumbi, mwanangu. Limeniingia sasa hivi nilipovua kupangusa jasho."

"Pole jamani. Na mvuke?"

"Mvuke gani? Naona mpaka kesho kutwa."

Tiki, tiki.

Nyumbani mumewe alimkalisha kwenye kiti cha mlangoni, penye mwanga. Mikono yake ilinuka farasi miaka yote waliyoishi pamoja, na Chiriku aliwahi kumwambia kwamba akifa atamzika na ndoo ya shayiri. Lakini ilikuwa mikono mitulivu. Alifungua kope kwa vidole viwili, kama alivyomfungua Bwana Harusi.

"Naye alikuwa hivi hivi mwezi jana," alisema. "Jekundu, linatoa machozi. Nikamtia matone siku mbili, likatakata."

Akatoa kichupa cheupe mfukoni.

"Ya farasi hiyo?"

"Jicho ni jicho."

"Nikianza kulia kama farasi, wewe ndiye utakayenitafutia majani."

Dawa ile, lazima isemwe, ilifanya kazi kama uchawi. Asubuhi wekundu ulikuwa umepoa, maumivu yamekuwa ya mbali kama ugomvi wa nyumba ya tatu. Chiriku alirudi shambani akimsuta wifi. Siku tatu alijisifu. Siku ya nne aliona kitone cheupe kwenye kioo, katikati ya jeusi la jicho, kidogo kama punje ya mtama. Mumewe akaongeza matone. Siku ya sita punje ilikuwa imeota ndevu, na kwa jicho lile Chiriku hakuona ila mwanga wenye uji.

Ndipo walipokwenda kliniki ya macho, yeye na mumewe, siku ya Jumatatu.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, hana maneno mengi. Alimtia ganzi, akalikwangua jicho kwa kisu chembamba, akaupeleka ule uchafu kwenye hadubini kwenye chumba cha pili. Aliporudi alivuta kiti karibu.

"Ni kuvu. Nyuzi nyuzi kama zile zinazoota kwenye mkate uliosahaulika. Imeingia na jani. Mama, ulikuwa umevaa miwani? Naambiwa shambani kwenu mnavaa kutwa."

"Nilikuwa nimevua kidogo tu."

"Sawa. Sasa nisikilize vizuri. Kuna kitu kimoja ninachokiogopa: matone ya kupoza wekundu. Yale hutuliza maumivu, mtu akadhani amepona, kumbe yameufunga mwili mikono usipigane na kuvu. Inakula jicho mtu akiwa anacheka. Umetumia dawa yoyote?"

Chumba kilikuwa kidogo. Meza, taa, kabati la vioo, ubao wa herufi ukutani. Mumewe alikuwa amekaa magoti yakigusa ya kwake. Chiriku alisubiri aseme. Mumewe alikuwa akisoma zile herufi kubwa ukutani, moja moja, kama mtu aliyeletwa kupimwa yeye.

"Na mtu akiwa ametumia?" Chiriku aliuliza.

"Aniambie sasa hivi. Nitamlaza leo, nimtie dawa kila saa, labda nitaliokoa. Kama hakutumia, nampa ya kwenda nayo nyumbani."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Yale matone yalipaswa kukoma siku kumi kabla ya mashindano, kwa sababu huonekana kwenye mkojo. Mashindano yalikuwa Jumamosi hiyo. Bwana Harusi, jicho lilipomrudia wekundu, alikuwa bado anatiwa, asubuhi na jioni, kwa amri ya mkufunzi wa zizi, chinichini, na aliyekuwa akimtia ni mume wa Chiriku. Chupa ikitajwa kliniki, swali la kwanza ni imetoka wapi. La pili, kwa nini bado inatumika. Mzee wa miaka hamsini na minane, asiyejua kazi nyingine duniani, unga wake ungemwagika mchana kweupe.

"Mama?" daktari aliita. "Umetumia?"

"Maji tu," Chiriku alisema. "Nimeuliza kwa kuwa mimi mdaku."

Daktari aliandika. Naye alikuwa na fomu yake, maana alikuwa akiijaribu dawa mpya ya kuvu kwa macho ya wakulima. Fomu zilimwandama Chiriku mwaka ule kama mbu.

Njiani mumewe alitembea hatua moja nyuma. Walipofika kwenye kona alisema, "Hadi Jumamosi tu, mama. Ikipita Jumamosi nakwenda mwenyewe kumwambia."

"Nimekuuliza?"

"La."

"Basi tembea."

Matone ya farasi waliyaacha siku hiyo hiyo. Na hapo ndipo maumivu yaliporudi na ndugu zake wote. Chiriku aliyeyasema yote maishani hakuwa na neno la kuyasema hayo. Alikaa sakafuni, kichwa kwenye ukuta wa jikoni kwa kuwa ulikuwa wa baridi. Dawa ya daktari iliwasha tu. Alhamisi alasiri wifi alimletea uji, akakuta anajigonga kipaji cha uso kwenye ukuta, polepole, kwa mpango, kama mtu anayetwanga.

"Kaka, mrudishe kliniki!"

"Jumamosi," alisema kaka.

"Jumamosi kuna nini? Anaolewa?"

Wifi alipoondoka, Chiriku alisema bila kugeuka, "Lete kile kichupa."

"Daktari amekataza."

"Lete."

"Mke wangu, si umesikia..."

"Nimesikia, na wewe ulisikia. Sote tulisikia. Lete."

Mumewe alilia huku akimtia. Tone moja, moja tu, alisema. Ijumaa lilikuwa moja tena. Maumivu yakasogea mbali, Chiriku akalala mchana kutwa kama aliyekufa, na kuvu ikaendelea na shughuli zake.

Jumamosi Bwana Harusi alishinda. Walimvika shada la maua, wakampiga picha, kisha mtu mwenye koti jeupe akaja na kikombe kwenye fimbo. Farasi alikuwa bado anahema. Walisubiri. Mtu wa koti jeupe alimtazama mtunzaji.

Angeweza kujifanya midomo imekauka. Angeweza kukohoa. Lakini miaka ishirini na minne alikuwa amepiga mluzi ule kila alipotazamwa namna ile, na midomo ilijikunja yenyewe. Ulitoka laini, mtamu. Bwana Harusi akapanua miguu akajaza kikombe.

Jumapili, Chiriku akiwa anainama kuvaa viatu, alisikia jicho limetoa maji ya moto yakateremka shavuni. Maumivu yakakoma ghafla, yote. Alijua bila kuambiwa. Jicho zima halitulii hivyo.

Jumatatu daktari alilitoa. Baadaye alikaa kitandani miguuni pake, amechoka. "Sielewi," alisema. "Dawa ile imewafaa watu kumi na mmoja. Kwako imekuwa kama maji. Itabidi niandike kwamba imeshindwa."

Mumewe alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Jumamosi ilikuwa imeshapita, na alikuwa ameahidi. Alitoka kwenda kutafuta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Majibu ya mkojo yalirudi baada ya siku tisa. Bwana Harusi alinyang'anywa ushindi. Mkufunzi aliapa mbele ya kamati kwamba yeye hajui lolote, kwamba mtunzaji alikuwa akitia matone kwa kichwa chake mwenyewe. Mchana huo mume wa Chiriku alifika nyumbani na brashi ya kusugulia farasi kwenye mfuko wa karatasi. Aliiweka mezani. Chiriku aliitazama kwa jicho lililobaki.

"Kwa hiyo nimelitoa bure," alisema.

Alikaa na neno hilo usiku mzima na kesho yake. Kesho kutwa alikwenda kliniki peke yake, akigusa kuta za upande wa kushoto. Alimweleza daktari yote: jani, kichupa, lile swali, maji tu. Daktari hakumkemea, na hilo lilikuwa baya kuliko kukemewa. Alitoa fomu kabatini, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine.

"Ungeniambia siku ile," alisema tu.

"Najua, daktari. Andika vizuri. Usije ukawanyima wengine dawa kwa ajili ya mdomo wangu, ambao siku pekee ulipotakiwa kusema uligoma."

Msimu uliofuata msimamizi alimkubali mumewe shambani, kwa kuwa hakuna zizi lililomtaka tena. Chiriku alimpa mstari wa kushoto kwake, upande wa giza, ili asimwone. Hivyo ndivyo alivyosema, na wifi alipocheka, Chiriku hakucheka naye. Mzee hakuwahi tena kupiga mluzi, hata akisukuma toroli.

Binti alikuja na miwani mpya. Alikuwa amepika utando mwingine. Fomu za mwaka jana zilimpa moyo sana, alisema, na taasisi sasa inataka kutengeneza elfu kumi. Alipomwona Chiriku alishika mdomo. Vumbi lile, aliuliza, ni vumbi lile lile?

"Jioni nitakuambia," Chiriku alisema. "Leo gawa."

Jua lilipanda. Shingo zikaanza kupata miwani, mmoja mmoja, mpaka wifi. Chiriku alikuwa na yake usoni, akivuna kwa kupapasa. Aliishusha, akageuza shingo yote, kama anavyolazimika siku hizi, akamtazama mumewe. Yeye alikuwa hajaivua yake. Plastiki ilikuwa nyeupe tupu, matone yakimtiririka puani, na mikono yake iliyonuka farasi ilikuwa ikitafuta bua hewani.

"Unaona?" Chiriku alimuuliza.

"Naona naona."

"Mzee. Unaona?"

Alisimama. Mabua yalisuguana.

"Sioni kitu," alisema.

"Basi jioni umwambie hivyo hivyo. Wewe kwanza, kisha mimi."

"Atasikitika, yule mtoto."

Chiriku alikwishainama kwenye bua linalofuata, akilishika chini, karibu na ardhi, mkono mwingine umefunika jicho.

"Mwache asikitike," alisema.