Farasi wa Kwanza

Tangu mumewe Asan azikwe, hakuna aliyemshika mkono Bibi Batma isipokuwa muuguzi Meerim. Ndiyo maana kila Jumanne alikuwa wa kwanza kufika kliniki ya utafiti mjini Naryn, theluji ianguke isianguke. Humeza kidonge, kisha kila nusu saa Meerim humtoa damu, ili watafiti waone homoni inavyoshuka katika damu kwa wanawake na wanaume, kwa wazee na kwa vijana. Wenzake walilalamikia sindano. Yeye alipenda kile kipande cha pamba, na kidole gumba cha yule binti kikikikandamiza taratibu.

Jumanne ya nne, Daktari Ulan alivuta kiti, karatasi mkononi, akamwita apa, yaani mama, kama wanavyoitwa wanawake wazee huko.

"Apa, damu yako inanitia wazimu. Wenzako wa umri huu homoni inashuka upesi. Yako imegoma, kama ya bibi wa sabini na kitu."

"Damu kaidi hiyo. Marehemu alikuwa akilalamika hivyo hivyo."

"Nikiiacha, wanawake wa miaka sitini na mitatu watapangiwa dozi isiyo yao. Ulizaliwa mwaka wa mnyama gani?"

"Farasi."

Meerim akaacha kuandika. Katika kalenda yao ya wanyama, mwaka wa Farasi hurudi kila baada ya miaka kumi na miwili.

"Farasi yupi, apa?"

Batma alijua vizuri yupi. Siku ya kupewa pasipoti, karani alimtazama usoni akamwandikia Farasi wa pili, mdogo kwa miaka kumi na miwili, na yeye, mjinga wa watu, akafurahi kuonekana msichana. Furaha hiyo ilimtokea puani: alikamua ng'ombe wa shamba la ushirika miaka kumi na miwili zaidi ndipo akapata pensheni. Sasa akisema kweli anatolewa, maana kundi la wenye miaka zaidi ya sabini lilikwishajaa. Jumanne ingekuwa tupu kama siku nyingine zote, na hilo lilimtisha kuliko kufa.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini wanawake wale wa dozi isiyo yao walikuwa wamemkosea nini?

"Wa kwanza," alisema. "Nina sabini na mitano."

Daktari akacheka kidogo. "Umetuchezea shere, apa." Kisha akalikata jina lake kwenye orodha. "Pole. Kwa vile kidonge umeshameza, tukupime mara ya mwisho."

Meerim alitoa damu, akaweka pamba, akakandamiza.

"Tayari, apa. Imekauka."

"Bado inatoka," alisema Batma.

Meerim aliinua pamba, akaona pamekauka kabisa. Akairudisha mahali pake, akakandamiza tena.