Baiskeli Katika Ubeti wa Pili

Mimi ni mtu wa wivu, na sioni haya kusema. Kuna magari yameandikwa nyuma kwamba wenye wivu wajinyonge. Wajinyonge wao, mimi nina kazi. Nina mke mzuri, na chumba chetu cha kazi kinatazama barabara, na kila anayepita ana shingo ya kuchungulia.

Tunafanya kazi chumba kimoja. Dirishani ipo cherehani yake, ukutani ipo meza yangu ya redio. Yeye anashona sare za shule na magauni, mimi natengeneza redio na chochote kinachotoa sauti. Wateja wake ni wengi kuliko wangu, na nusu yao ni wanaume wanaoleta suruali kupunguzwa. Sijawahi kuona mji wenye wanaume wafupi kama huu.

Sisi mafundi redio kila mmoja ana kaseti yake ya kujaribia. Yangu ina wimbo uliopigwa siku ya harusi yetu, miaka kumi na tisa iliyopita. Mwaka wa pili wa ndoa, redio ya mteja iliitafuna. Nikaukata utepe pale uliposokotana, kwenye ubeti wa pili, kipande cha shibiri moja. Sikuunga ncha kwa ncha, maana wimbo ungeruka. Niliingiza kipande kitupu cha urefu uleule, na tangu siku hiyo kaseti yangu ikifika pale inanyamaza sekunde nne kisha inaendelea. Kilinifaa sana kazini. Redio nzima ikifika pale inakuwa kimya kabisa. Mbovu inaguna, nami nikiisikia inavyoguna najua pa kufungua.

Sisi wenyewe hatukuwahi kuuacha ukimya ule ukae bure. Mwimbaji anasema, "Mlango nikaufunga, ufunguo nikautupa," kisha anakatika, nami najazia kwa sauti yote niliyojaliwa: "Ukanifuata kwa miguu, mvua ikitunyeshea!" Naye anarudi, "Nani angekukataa?" Mke wangu alikuwa akijazia pia. Niliiona midomo yake ikicheza. Lakini cherehani yake inanguruma kama pikipiki, na mimi nikiimba simsikii mtu.

Jumanne moja mota ya cherehani ikaungua. Mke wangu akawa anashona vifungo kwa mkono, chumba kimetulia. Mimi nilikuwa nimebana skrubu tatu midomoni, sikuweza kuimba. Kaseti ikafika pale, ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nikamsikia mke wangu vizuri.

"Ukanipakia baiskeli, ukaimba njia nzima."

Nusura nimeze skrubu.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu. Nimeimba."

"Umeimba baiskeli."

"Si ndivyo wimbo unavyosema?"

"Wimbo unasema mvua! Ukanifuata kwa miguu, mvua ikitunyeshea!"

Akakata uzi kwa meno, akanitazama kidogo. "Haya, baba watoto. Mvua."

Lile "haya" lake ndilo lililoniwasha. Mtu mwenye hoja hubisha. Anayekubali haraka ana lake.

Sasa nieleze kwa nini mvua. Kabla hatujaoana, jioni moja tulinaswa na mvua mjini, tukakimbilia chini ya kibaraza cha duka la viatu. Tulilowa chapachapa. Nilimvua viatu nikavikamua maji, tukacheka mpaka mwenye duka akatoka kutufukuza. Kila mgeni aliyewahi kukaa kwenye kochi letu ameisikia hadithi hiyo, mkono wa mke wangu ukiwa ndani ya wangu. Ndiyo maana tuliuchagua wimbo ule kwa harusi. Ulikuwa kama umetungwa kwa ajili yetu. Na kumbukumbu yangu si ya kuchezea. Niletee redio niliyoitengeneza miaka kumi iliyopita, nitakutajia kilichokuwa kimeungua.

Kwa hiyo, kama yeye mahali pa mvua yetu ameweka baiskeli, basi kuna mtu alimpakia. Na mimi sijawahi kumiliki baiskeli maishani mwangu.

Sikuhitaji kwenda mbali kumtafuta. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na dirisha la mke wangu, yupo fundi baiskeli tunayemwita Spoku, kwa wembamba wake. Amekulia mtaa mmoja na mke wangu. Kila asubuhi akifungua banda lake ananipungia mkono: "Shemeji, umeamkaje?" Shemeji wa wapi? Mimi na yeye hatujachangia hata kiberiti. Miaka yote nilikuwa naiitikia salamu yake kwa moyo mweupe, mjinga mimi.

Kesho yake nikavuka barabara.

"Spoku, nikuulize kitu. Uliwahi kumpakia mke wangu kwenye baiskeli?"

Alikuwa ameloweka tairi kwenye karai akitafuta tundu. Hakunyanyua hata kichwa.

"Nimepakia nusu ya mji huu, kaka. Nimepakia mpaka mbuzi."

"Mimi naulizia mke wangu."

"Labda. Tulikuwa watoto." Hapo akaniangalia, akaanza kutabasamu. "Kwani vipi? Anadai nauli?"

"Ukiwa unapakia, huwa unaimba?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nikarudi kwangu nimekasirika kuliko nilivyokwenda. "Labda" ni neno la mtu anayejua.

Wiki ile sikuwa mtu. Roho iliniuma kikweli, si mzaha. Nilikula nusu sahani nikasukuma. Nilihamisha meza yangu ili niwe naliona dirisha. Akicheka na mteja nilihesabu vicheko. Nikamwazia mke wangu akiwa bado binti, amekaa ubavu kwenye baiskeli, kamshika yule mwembamba kiunoni, naye anamwimbia njia nzima. Njia nzima! Mimi ningeimba mstari mmoja nikaishiwa pumzi. Nilimwonea wivu Spoku kwa pumzi zake. Mke wangu aliuliza mara mbili kama naumwa, mara ya tatu hakuuliza.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nesi mmoja mstaafu akaniletea redio kaseti yake, na mfuko wa kaseti ili nijaribie. Nikaupekua. Katikati ya nyimbo za kwaya nikakuta wimbo wetu, kaseti halisi, haijaguswa na mkasi wa mtu. Sasa ushahidi upo, nikasema moyoni, njia ya mwongo ni fupi.

Nilisubiri mteja wa mwisho wa suruali aondoke. Nikafunga mlango.

"Mama watoto, kaa hapa."

"Nimekaa."

"Leo tutajua."

"Tutajua nini?"

"Mvua au baiskeli."

Akaweka sindano mezani. "Kumbe ndiyo homa yako hiyo? Wiki nzima unaninunia kwa ajili ya wimbo?"

Nikaitia kaseti ya nesi redioni. Nikabonyeza. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita. "Mlango nikaufunga, ufunguo nikautupa," akasema mwimbaji, nami nikainua kidole juu kama mwalimu.

"Ukabisha kwa upole, nikasahau hasira. Nani angekukataa?"

Nikarudisha nyuma. Nikapiga tena. Kubisha kwa upole. Hasira. Hakuna mvua, hakuna baiskeli, hakuna hata barabara.

Mke wangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. "Na kweli! Mtu kajifungia mlango, mvua yako inamnyeshea kutoka wapi? Darini?"

"Na baiskeli yako je, inapita tundu la ufunguo?"

"Tumekosea wote, baba watoto. Yamekwisha."

Lakini hayakuwa yamekwisha, maana mimi nilikuwa na swali moja na lilikuwa limenikaba wiki nzima. Nikalitema. "Ni nani alikupakia?"

Kicheko kikamwisha. Akanitazama vile anavyotazama nguo iliyokatwa vibaya, anapopima kama inaokoleka.

"Huna habari kabisa?"

"Nitajie tu. Ni Spoku?"

"Ni wewe."

"Mimi sina baiskeli."

"Uliazima ya kaka yako mkubwa. Siku ulipokuja kwetu kujitambulisha. Baba alipomaliza kukuhoji ukaomba unitembeze mpaka sokoni. Ukaimba njia nzima, na si kwa mapenzi, ni kwamba breki zilikuwa hazishiki na ulitaka watu watupishe." Akainua pindo la gauni. Chini ya goti lipo kovu lake, refu kama kidole. "Na hapa ndipo tulipofikia, mtaroni. Watoto unawaambia niliungua pasi. Mimi nakuacha tu."

Nikalitazama lile kovu nililolala nalo miaka kumi na tisa. Na polepole, kama redio inayotafuta stesheni, nikaanza kusikia mnyororo ukikwaruza, mwanamke akinipigia kelele mgongoni, na sauti yangu mwenyewe, ya kijana, ikiimba upuuzi. Ni mimi! Raha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilitaka kuvuka barabara nikamkumbatie Spoku pamoja na karai lake.

"Kumbe ni mimi!" nikasema. "Nimejionea wivu mwenyewe!" Nikamshika mkono. "Basi sawa. Wewe umekumbuka baiskeli, mimi nimekumbuka mvua. Zote zetu. Baiskeli yetu, mvua yetu, tugawane."

Hakuushika wangu. Wake aliuacha pale mezani kama kitu cha mteja.

"Mvua si yetu," akasema.

"Vipi? Kibaraza cha duka la viatu..."

"Sikuwepo."

"Mama watoto, nilikuvua viatu nikavikamua."

"Sijawahi kusimama kwenye kibaraza hicho, mpaka leo. Huwa napita ng'ambo." Alisema taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha. "Mara ya kwanza uliponisimulia nilidhani unanitania. Ya pili nikamwuliza wifi. Akaniambia ni yule uliyekuwa naye kabla yangu, yule mwalimu. Wifi mwenyewe alizianika nguo zako siku ile."

Nikafungua mdomo nibishe. Nina kumbukumbu isiyochezewa, nani asiyejua? Nikairudisha ile jioni kichwani, mvua ile ile, kibaraza kile kile, na safari hii nikautazama mguu niliokuwa nikiuvua kiatu. Mguu laini, mwembamba. Chini ya goti hapakuwa na kitu.

Nilikuwa nimemsimulia mke wangu penzi langu na mwanamke mwingine, mbele ya wageni, mbele ya wakwe, miaka kumi na tisa, huku nimemshika mkono. Nami ndiye niliyenuna wiki nzima kwa ajili ya baiskeli. Nyani haoni kundule. Mimi sikuliona hata nilipolikalia.

"Mbona hukuniambia?"

Alikuwa akiokota vifungo mezani kimoja kimoja na kuvirudisha koponi.

"Ulikuwa ukiisimulia unanitazama vizuri sana," akasema. "Hujawahi kunitazama hivyo kwa kitu kingine chochote. Nikawaza, nikikwambia si mimi, yale macho yatakwenda kumtafuta mwenyewe. Bora niipokee hiyo mvua. Nimeipokea. Lakini usidhani sikuumia. Wewe umeona wivu siku kumi. Mimi kila akija mgeni."

Kaseti ya nesi ilikuwa imefika mwisho, redio inavuma tu, nami sikunyoosha mkono kuizima.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema. "Wifi alikataa kunitajia, nami sikutaka kumsumbua. Miaka yote nimekuwa nikimwita 'yule mwalimu' tu. Aliitwa nani?"

Mimi niliyesahau baiskeli, breki, mtaro, na damu ya mke wangu barabarani, jina lile lilinijia palepale, la kwake na la baba yake, pamoja na namna alivyokuwa akilitamka.

"Sikumbuki," nikamwambia.